Samadi, Kinyesi na Mambo Tunayoyaonea Haya

Salman al-Farsy (r.a.) alikejeliwa na washirikina kwamba Mtume wao amewafundisha kila jambo, hata namna ya kwenda haja. Salman hakuona aibu wala hakugeuza mazungumzo. Aliitikia kuwa ndivyo, kisha akaendelea kuwasomesha: wamekatazwa kuelekea Kibla wakati wa haja, wamekatazwa kustanji kwa mkono wa kulia, wamekatazwa kupunguza mawe yakawa chini ya matatu, na wamekatazwa kuchamba kwa samadi au kwa mfupa. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Imam Muslim. Sisi tuliisoma tungali wadogo chuoni, tukicheka kichinichini nyuma ya vitabu, na mwalimu akijifanya hasikii. Baina ya chuo na choo pana herufi moja tu, na watoto hawaisahau.

Tumeitanguliza Hadithi hii ili tupate ruhusa kwa wasomaji wetu. Makala ya leo yanahusu kinyesi, cha mnyama na cha mwanadamu. Anayesoma huku sinia liko mbele yake na aliweke gazeti kando mpaka anawe mikono.

Sababu ya kuandika ni swali. Mama mmoja wa upande wa Kwale alitufikishia kwa mkono wa mwanawe. Mumewe ana ng'ombe watatu wa maziwa anaowafuga zizini, na mwaka huu amejenga tangi la bayogesi, yaani gesi ya samadi. Jikoni hakuna tena kuni wala moshi. Lakini mavyaa wake, mtu mzima aliyevuka miaka sabini, amekataa kula chochote kilichopikwa juu ya moto ule. Anapikiwa peke yake kwa kuni uani, na siku ya Ijumaa, wajukuu wakikusanyika, yeye hula chumbani mwake. Mama huyo hakutuuliza ni nani mwenye haki baina yao. Alituuliza afanyeje ili mavyaa wake arudi kwenye sinia.

Hatukulichukulia swali hili kwa wepesi, kwa kuwa bibi yule hakuzua jambo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kinyesi cha kila mnyama ni najisi, awe analiwa au haliwi. Miongoni mwa dalili za jambo hilo ni kisa cha Ibn Mas'ud (r.a.), aliyeombwa na Mtume (S.A.W.) amletee mawe matatu ya kustanji, akapata mawili, na la tatu akaleta kipande cha samadi kavu. Mtume aliyapokea mawe na akakitupa kile kipande, akakiita uchafu. Wenzetu wa madhehebu ya Malik na ya Ahmad wanasema kinyesi cha mnyama anayeliwa ni tohara, na wanayo hoja nzito: Mtume aliruhusu kuswali katika mazizi ya kondoo na mbuzi, na ni nani atakayeswali humo asiguse kitu? Ikhtilafu hii ni ya zamani na ina adabu zake. Bibi amelelewa juu ya kauli ya Shafi, na hapana haja ya kumhamisha madhehebu ili ale wali.

Basi na tuitazame gesi yenyewe. Samadi mbichi huchanganywa na maji, takriban kiasi kwa kiasi, ikamiminwa ndani ya tangi lisilopitisha hewa. Humo wamo viumbe wadogo wasioonekana, ambao wengi wao walikuwa tayari tumboni mwa ng'ombe. Kwa kukosa hewa, huyavunja yale mabaki ya majani na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, ile inayowaka, na iliyobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Ile harufu ya yai bovu inayosikika bomba linapovuja hutokana na gesi nyingine, yenye salfa, ambayo ni kidogo sana. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa kadiri ya lita 30 hadi 40 za gesi, kwa hiyo ng'ombe wawili au watatu wa zizini humpikia mtu mwenye familia ya wastani. Uji unaosukumwa nje ya tangi haupotei. Ni mbolea iliyo bora kuliko samadi iliyoachwa juani, kwani nitrojeni yake haijapeperuka.

Sasa fiqhi. Mafakihi wetu, mamia ya miaka kabla ya bomba na tangi, walitofautisha mivuke miwili. Mvuke uliopandishwa na moto kutoka kwenye najisi wameuhesabu kuwa ni najisi, ila kidogo chake kimesamehewa. Mvuke unaotoka wenyewe pasi na moto, kama ule wa chooni, wamesema ni tohara. Wakapiga mfano ambao hausahauliki: upepo unaomtoka mtu hutengua udhu wake, lakini haunajisi nguo yake. Gesi ya tangi hutoka yenyewe, bila ya moto, gizani chini ya ardhi; moto hukutana nayo jikoni, ikiwa imekwisha kuachana na samadi kwa mita nyingi za bomba. Kwa mfano wao wenyewe, gesi ile ni tohara, na chungu kilicho juu yake ni tohara. Na hata mkate uliookwa kwa moto wa samadi yenyewe, kama walivyokuwa wakioka watu wa miji mingi ya Kiislamu, wanazuoni wetu wameusamehe. Wallahu a'alam.

Tulimwandikia mama yule hivyo, na tukamwomba asimsomee mavyaa wake barua yetu kama mtu anayesoma hukumu ya kadhi. Amkaribishe jikoni, amwonyeshe bomba linakotoka na linakoingia, amwache anuse mwenyewe. Habari za mwisho tulizopata ni kuwa bibi amekubali chai. Wali bado.

Wako watakaoikubali gesi ya ng'ombe na kuikataa ya binadamu. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha! Hoja ya mvuke ni ile ile, maana katika madhehebu yetu vyote viwili ni najisi tangu mwanzo. Hapa nchini, Naivasha, wako wanaokusanya kinyesi cha watu kutoka vyooni, wakakipasha joto mpaka vijidudu vife, kisha wakakichanganya na vumbi la makaa na kufinyanga makaa ya kupikia. Hayo si gesi, ni mwili wa najisi yenyewe unaoungua, na hapo ndipo msamaha wa mkate uliookwa kwa samadi unapohitajika. Anayeona karaha na asinunue. Lakini asiseme ni haramu kwa kuwa moyo wake umekataa.

Katika kilimo jambo hili halina ugeni. Imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.), naye ni mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, alikuwa akibeba mwenyewe kapu la kinyesi kupeleka kwenye shamba lake, akitaraji ngano kwa kapu lile. Imam Nawawi ameeleza kuwa mmea uliomea katika najisi wenyewe ni tohara, na kilichoguswa na najisi kwa nje huoshwa. Mimea hutaka nitrojeni, fosforasi na potasiamu, na vyote vimo katika kile tunachokitupa. Wazungu waliyajua haya kwa gharama kubwa. Katika karne ya 19, tangu miaka ya 1840 hadi 1870 na ushei, merikebu zilikwenda kwa mamia visiwa vya Chincha vya Peru kubeba mavi ya ndege wa baharini, yaliyorundikana huko kwa sababu mvua haikuyaosha. Wachina walioletwa kwa mikataba ya udanganyifu walifia katika machimbo yale. Mwaka 1856 Marekani ilitunga sheria ya kuwaruhusu raia wake kutwaa visiwa visivyo na mwenyewe kwa ajili ya mavi tu, na mwaka 1864 Hispania iliviteka visiwa vya Chincha. Dola zimewahi kupigana kwa mambo madogo kuliko hayo.

Tukisema mmea ni tohara, hatukusema ni salama, na hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Najisi ni hukumu ya sheria. Kijidudu ni kiumbe. Wakati mwingine hufuatana, wakati mwingine huachana njiani. Mayai ya minyoo ya tumboni hukaa ardhini miezi mingi, hata miaka, yakingojea mkono wa mtoto au jani la mchicha. Kinyesi cha binadamu kisiwekwe shambani kikiwa kibichi. Kitengenezwe mboji inayopata joto kali, au kihifadhiwe kikavu mwaka na zaidi kabla ya kutumiwa.

Tazameni visima vyetu. Tumesoma sote kwamba maji yakifikia kula mbili hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Kisima cha kawaida kimezipita kula mbili mara nyingi. Basi maji yake, maadamu hayakubadilika, ni tohara: tawadha, oga, fulia. Lakini mji kama Mombasa umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye mianya kama sifongo, na kinachoteremshwa katika shimo la choo hakikai pale kilipoteremshwa. Katika mitaa yetu ya kale kuna nyua ambamo baina ya kisima na shimo hapazidi hatua kumi. Wataalamu hutaka angalau mita 30, na katika mwamba wa namna hii hata hizo huenda zisitoshe. Vijidudu vya kipindupindu havibadilishi rangi ya maji wala ladha wala harufu. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa tohara kwa udhu na yakamwua anayeyanywa, na fiqhi haikukosea, kwa sababu haikuulizwa habari ya kunywa. Anayeulizwa habari ya kunywa ni daktari, naye amekwisha kujibu: yachemsheni au yatieni klorini. Na Mtume (S.A.W.) alikwisha kutukataza kwenda haja mahali pa kuteka maji, njiani na kivulini, akayaita ni mambo yaletayo laana.

Jingine ni pepopunda. Wazee wetu waliuita ugonjwa huo kwa jina la punda, na sayansi haikuwakanusha: mbegu za kijidudu chake hukaa udongoni na katika matumbo ya wanyama, wakiwamo punda, farasi na ng'ombe. Mwenye kidonda mguuni anayepita vichochoro vya Lamu, ambako punda ndio gari la mizigo, anayo haja ya kuvaa viatu na kuwa amechanjwa. Na kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe samadi wala jivu wala udongo kwa hali yoyote, hata akisisitiza nani. Ada hiyo imezika watoto wengi katika nchi hii. Hatutarefusha hapa, kwa kuwa hapana ikhtilafu ya kuelezwa.

Turudi kwenye mambo mepesi. Mwandani wetu mmoja, muuza manukato, alikasirika tulipomwambia kuwa ndani ya harufu ya asumini mna kitu kile kile kilichomo katika harufu ya kinyesi. Ni kweli. Kinaitwa indoli. Kikiwa kingi kinakera pua. Kikiwa kidogo mno, pamoja na vingine, ndicho kinachoipa asumini ule uzito wa usiku ambao kikuba huwa nao. Na ambari je? Ambari hutoka katika matumbo ya nyangumi mkubwa mwenye kichwa kama sanduku, ambaye chakula chake ni ngisi. Midomo migumu ya ngisi humkwaruza matumbo, na kwa wachache katika nyangumi hao hufanyika donge linaloyazunguka mabaki hayo. Mwisho hutoka likaelea baharini miaka mingi, jua na chumvi vikilibadilisha, mpaka uvundo ukawa manukato. Al-Mas'udi, aliyefariki mwaka 956, aliandika habari za ambari ya pwani hii ya Zenji na kuisifu. Wanazuoni wa zamani walihitilafiana juu ya asili yake, wako waliosema ni mmea wa baharini, wako waliosema ni chemchemi, Ibn Abbas (r.a.) alitosheka kusema kuwa ni kitu kilichotupwa na bahari, na kwa hiyo hakitolewi khumsi. Madhehebu yetu imeihesabu kuwa tohara. Muuza manukato hajatusamehe, lakini bado anaiuza.

Kahawa nayo ina kisa. Huko Indonesia, ambako wengi ni Mashafi kama sisi, kuna mnyama wa jamii ya fungo anayekula matunda ya mbuni na kutoa punje zikiwa nzima. Watu huziokota kwenye kinyesi, wakaziosha na kuzikaanga, na kuziuza kwa bei ya ajabu. Mwaka 2010 Baraza la Maulamaa la nchi hiyo lilitoa fatwa kuwa ni halali baada ya kuoshwa. Wameitegemea kanuni iliyomo vitabuni mwetu: punje iliyotoka ikiwa imara kiasi kwamba ikipandwa itaota, haikuwa kinyesi, bali imepatwa na najisi tu, na maji huitoharisha. Sisi hatujaionja, wala hatuna hamu. Ndovu wa Mwaluganje, hapo Kwale, hupitisha mbegu vivyo hivyo na kuzipanda walikokwenda, na nyuzi za majani zinazobaki katika kinyesi chao wenyeji wamezichemsha wakatengeneza karatasi.

Tunafika kwenye jambo lililotulazimisha tuandike kwa urefu. Jamaa yetu mmoja, mtu wa safu ya kwanza msikitini, alikuwa akiona damu katika choo chake kwa muda wa zaidi ya mwaka. Hakumwambia mkewe. Hakuwaambia wanawe, ilhali mmoja wao anafanya kazi hospitalini. Kwa nafsi yake alisema ni bawasiri, akanunua dawa ya miti shamba, akanyamaza. Alipodhoofu mpaka kanzu ikamwelea ndipo alipopelekwa, akakutwa na saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kufika kwenye ini. Tulikuwa miongoni mwa waliomwosha. Ugonjwa huo ukikutwa mapema hukatwa, na wengi hupona. Na kuna kipimo chepesi kinachotafuta damu isiyoonekana katika choo kabla jicho halijaiona. Yeye hakukosa fedha wala hospitali. Alikosa kutamka neno moja mbele ya watu wake.

Haya ni sehemu ya imani, na hatutaki mtu aipoteze. Lakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na mwili ni amana kama dini ilivyo amana. Tazama chooni kabla ya kumwaga maji. Kadiri ya robo tatu ya kinyesi ni maji, na katika kikavu kinachobaki sehemu kubwa ni vijidudu vya tumboni, vilivyo hai na vilivyokufa. Rangi ya kahawia hutokana na nyongo. Kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, huenda njia ya nyongo imeziba. Kikiwa cheusi kama lami, huenda ni damu ya tumbo la juu, isipokuwa kwa anayetumia vidonge vya madini ya chuma, maana navyo hukitia weusi. Damu nyekundu huenda ikawa bawasiri kweli. Aseme hivyo daktari aliyetazama, si mgonjwa aliyeogopa. Na tumbo lililobadilisha mwendo wake kwa wiki kadhaa bila ya sababu lina haki ya kuulizwa. Enyi vijana, waulizeni baba zenu faraghani, mmoja mmoja, bila ya kuwafedhehesha. Wengi wao wanangoja kuulizwa.

Wale vijidudu wa tumboni nao wamekuwa dawa. Kuna maradhi ya kuharisha yanayowapata watu waliotumia viuavijasumu kwa wingi hospitalini, vijidudu wema wakafa na mbaya mmoja akatawala. Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walitangaza kwamba katika wagonjwa 16 walioingiziwa matumboni maji yaliyochujwa kutoka kinyesi cha watu wazima wa afya, 13 walipona kwa mara ya kwanza tu, ilhali dawa ya kawaida iliwaponya wachache zaidi. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hii, na mwaka 2023 ikaidhinisha ya vidonge. Msomaji ataruka: najisi kwa kinywa! Madhehebu yetu inajuzisha kujitibu kwa najisi isiyokuwa ulevi, ikiwa hapana kitohara kinachosimama mahali pake na tabibu mwaminifu amesema hivyo. Hivyo ndivyo Mashafi walivyoifahamu Hadithi ya watu wa Urayna walioamriwa maziwa na mikojo ya ngamia.

Limebaki la biashara, kwani wafugaji wawili wametuuliza juu ya magunia ya samadi ya mbuzi yanayouzwa kando ya barabara. Madhehebu ya Hanafi yanaruhusu kuuza samadi moja kwa moja. Kwetu Mashafi kuuza najisi hakusihi, lakini mwenye nayo ana haki ya kuimiliki mkononi, na anaweza kuiacha haki hiyo kwa malipo. Basi mwenye mbuzi na aseme kuwa ameondoa mkono wake juu ya samadi hii kwa shilingi kadha, mwenye shamba akubali, na fedha ni halali. Kazi ya kuzoa, gari na gunia vina bei yake mbali, na gunia likiwa ni la kuazima, lirudishwe limeoshwa.